Ombi la Dar Ambalo Sikulituma

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikufikia likiwa limefungiwa maandazi, nakurudisha nyuma kidogo. Naitwa Anneth, mtoto wa pili wa Mzee Aminiel Swai, fundi cherehani wa zamani hapa Kimandolu. Miaka minne iliyopita nilichaguliwa kusoma ufamasia Mwanza. Wiki hiyohiyo mama akalazwa. Kaka Elifuraha akaniambia niahirishe mwaka mmoja tu, nikaahirisha, na mama akafariki. Mwaka uliofuata baba akapigwa na kiharusi, na safari hiyo hakuna aliyeniomba niahirishe. Walijua nitabaki.

Nilikuachia pale matokeo ya kidato cha sita yalipotoka na mdogo wangu Aikande akapata divisheni wani. Majirani walipiga vigelegele hadi barabarani. Na mimi nilipiga. Nakumbuka mdomo wangu ukifanya kazi yake vizuri kabisa, huku mimi mwenyewe sisikii kitu.

Haya, tuendelee.

Jumapili baada ya ibada Elifuraha alikuja nyumbani kujadili vyuo. Kaka yetu ana duka la vigae na masinki Daraja Mbili, na akikaa kwenye kiti huwa anakaa kama mwenye nyumba. Nilikuwa nimepika mtori. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kitambaa begani, kwa sababu upande mmoja wa mdomo haufungi.

"Moshi," Elifuraha alisema hata kabla ya kunawa. "Moshi ni hapo tu. Ijumaa jioni uko nyumbani."

"Moshi naweka, kaka," Aikande akajibu. "Naomba maabara. Na Dodoma naweka uuguzi. Hizo ni za kunidaka nikikosa. Ila udaktari naomba Dar."

"Dar miaka mitano."

"Najua."

"Na baba?"

Aikande aliniangalia mimi. Elifuraha naye akaniangalia mimi. Ukiwa wewe ndiye jibu la kila swali nyumbani kwenu, watu hawakuulizi, wanakuangalia tu. Nikaongeza mtori kwenye bakuli la baba.

"Aika," baba akasema. Kiharusi kilimchukulia Kiswahili chote kikamwachia Kichaga kidogo, na neno lake kubwa ni hilo, yaani asante. Ukimlisha, aika. Ukimsahau juani, aika.

"Basi aombe zote tatu," Elifuraha akasema. "Anneth atamjazia, si ndiyo kazi yake."

Nilimsindikiza getini. Akasimama, akauzungusha ufunguo wa gari kidoleni.

"Ile ya Dar usiijaze," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ananiagiza chumvi. "Mwambie umeijaza. Yeye anakuamini. Akikosa, ataona ni ushindani tu, ataenda Moshi, na wewe utapata wa kukusaidia."

"Sawa," nikasema.

Ningependa kukuambia kaka alinilazimisha. Hakunilazimisha. Nilisema sawa jinsi ninavyosema sawa kwa kila kitu, na nikarudi ndani kuosha vyombo.

Kuhusu kazi yangu. Nafanya kazi kwenye steshenari, kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, mkabala na kanisa. Miezi ya udahili foleni inafika nje. Watoto wa kidato cha sita wanakuja na vyeti kwenye bahasha na hawajui wanataka nini, au wanajua na wazazi hawataki. Mimi najaza. Na kwa sababu watoto wa siku hizi wanabadilisha laini za simu kama soksi, na paswedi wanazisahau kabla hawajafika nyumbani, sisi wa steshenari tuna mtindo wetu. Kila fomu naweka namba yangu ya simu. Kila paswedi naiandika kwenye kauntabuku, jina la mwombaji, jina la chuo, paswedi. Majibu ya vyuo yakitoka, yanakuja kwangu, na mimi napiga simu nyumba kwa nyumba kama mjumbe wa shina.

Hakuna aliyewahi kulalamika. Naona hata hakuna aliyewahi kufikiria.

Aikande alikuja Jumatatu asubuhi. Akavuta stuli, akakaa karibu yangu, magoti yetu yakagusana. Tulijaza Moshi. Tukajaza Dodoma. Namba ya simu nikaweka yangu, naye akaona, akacheka.

"Hata mimi mdogo wako?"

"Hata wewe. Laini yako umeshabadilisha mara ngapi?"

Saa tano ikafika, muda wa kumpeleka baba mazoezi ya mkono. Akasimama.

"Dar malizia wewe, dada. Namba zangu zote unazo." Kisha akafika mlangoni akarudi. "Dada. Wewe ungekuwa unaomba leo, ungeomba wapi?"

"Mimi siombi."

"Kama ungekuwa."

"Dar, basi," nikasema ili aondoke. "Ufamasia wa Dar. Baba anakusubiri."

Alipotoka tu akaingia mzee mmoja wa Kiarusha, shuka jekundu na koti juu yake, na binti yake nyuma. Mzee Lomayani kutoka upande wa Ilkiding'a, alijitambulisha hivyo, na binti anaitwa Nanyori. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaegemea fimbo.

"Andika vyuo vya huyu."

Nikaandika. Nilipofika kwenye namba ya simu, fimbo ikagusa meza.

"Hiyo ni namba ya nani?"

"Yangu, baba. Ndio utaratibu wetu, ili majibu yasipotee."

"Mtoto ni wangu, simu iwe yako?" Akaingiza mkono kwenye koti akatoa kisimu cha batani kilichofungwa kwa mpira. "Andika ya hii."

"Baba, wewe unasoma?"

"Sisomi. Simu ikilia nitaileta hapa utanisomea. Na sasa hivi nisomee yote uliyoandika."

Nikamsomea. Akataka tena. Nikamsomea tena, chuo kwa chuo, na binti yake akawa anatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndicho hicho, ndicho hicho. Nilikereka kidogo, foleni ilikuwa ndefu. Mwishoni akasema "sidai", yaani vizuri, akaondoka.

Jioni foleni iliisha. Ukurasa wa chuo cha Dar ulikuwa umefunguka mbele yangu, sehemu ya kwanza kabisa, wanapotaka namba ya mtihani wa kidato cha nne. Sikuijaza. Niliuangalia mpaka kioo kikajizima chenyewe. Nikasubiri nione kama roho itanisuta. Haikunisuta. Nikafunga kompyuta, nikafagia vipande vya karatasi chini ya mashine, nikafunga duka.

"Zote zimekwenda?" Aikande akaniuliza nikivua viatu.

"Zimekwenda."

"Aika," baba akasema kutoka kwenye kiti chake. Hakuna aliyekuwa amempa kitu.

Wiki zikapita. Mambo mawili niliyaona nikayaacha yapite. La kwanza, godoro la bweni la Aikande na tranka lake havikuwepo tena uvunguni mwa kitanda. Nikamuuliza, akasema amemgawia mtoto wa jirani anayeanza kidato cha tano. La pili, bahasha yangu ya vyeti ilikuwa imehama kutoka chini ya nguo kwenda juu. Nikadhani ni panya, au ni mimi. Siku hizo nilikuwa naweka vitu na sikumbuki.

Jumanne moja simu yangu ikaanza kulia tangu saa mbili. Vyuo vimetoa majina. Nilipiga simu nyumba zaidi ya thelathini, nikasikia vilio vya furaha na vilio vingine. Katikati ya hizo zikaja meseji mbili za Aikande. Amechaguliwa Moshi, maabara. Amechaguliwa Dodoma, uuguzi. Na kwa kuwa amepata zaidi ya kimoja, anatakiwa athibitishe kimoja kabla ya Ijumaa kuisha, la sivyo anapoteza vyote.

Nikamwambia wakati wa chakula cha usiku.

"Na Dar?" akauliza.

"Bado."

"Basi nasubiri Dar."

"Aikande, mwisho Ijumaa."

"Nasubiri."

Jumatano Elifuraha akapiga simu. "Mwambie athibitishe Moshi, yaishe."

"Anasubiri Dar."

"Anasubiri vipi?"

"Kwani uliniambia atasubiri vipi?" nikamuuliza. Akasema ana mteja, akakata.

Alhamisi Aikande hakula mchana. Alikaa na simu mkononi, anaiwasha, anaizima. Nilipita mara tatu na beseni la nguo, na kila mara nilitaka kusimama. Maneno yenyewe yalikuwa manne tu, Dar sikukuombea mdogo wangu. Nilikwenda nikaanika nguo. Nikaanika hata zile zilizokuwa zimekauka.

Wengine wataniandikia gazetini waniite muuaji wa ndoto za watu. Andikeni. Mimi nawaambia ukweli kwamba sikumwonea wivu. Wivu una joto, na mimi sikuwa na joto popote. Nilikuwa nimechoka tu, na nilitaka mtu mmoja wa kubaki na mimi ndani ya ile nyumba.

Ijumaa alikuja nami steshenari. Alisema anataka awe karibu na kompyuta. Alivaa gauni lake la kipaimara, lililokuwa limembana mabega, na sikumuuliza kwa nini. Elifuraha aliahidi kupita saa kumi kuhakikisha amethibitisha.

Saa kumi kasoro fimbo ikagonga kizingiti.

"Imelia," Mzee Lomayani akasema. Akafungua mpira, akaniwekea kisimu chake mezani. "Imelia tangu Jumanne. Nilikuwa na ng'ombe malishoni, sikuweza kushuka, na huyu anaogopa kuisoma mwenyewe. Nisomee."

Nanyori alikuwa nyuma yake, amefumba macho. Nikaichukua simu. Nikaona jina la chuo.

"Nisomee," mzee akarudia.

Nikasoma kwa sauti. Ndugu Nanyori Lomayani, hongera, umechaguliwa kujiunga na chuo chetu cha Dar es Salaam. Na tarehe, Jumanne.

Nanyori akakaa chini palepale sakafuni, kwenye vipande vya karatasi. Baba yake akamwekea kiganja kichwani. "Sidai," akasema taratibu. "Sidai." Wakaenda zao, na mimi nikabaki nimeshika kalamu ambayo sikumbuki niliichukua saa ngapi.

Aikande alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya pili. Alikuwa amesikia kila neno.

Nikajua saa imefika. Dar wametoa majina tangu Jumanne, na laini yangu haikupata kitu. Ataniuliza, na nitamwambia. Nilikaribia kujisikia nafuu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Najua wametoa Jumanne," Aikande akasema.

"Unajua?"

Akatoa simu yake kwenye pochi. "Njoo ukae, dada." Akanipisha ile stuli. "Soma. Kwa sauti, kama ulivyomsomea yule mzee."

Nikasoma. Ndugu Anneth Aminiel Swai, hongera, umechaguliwa kusoma ufamasia, chuo cha Dar es Salaam.

Nikasoma tena, kimya. Jina lilikuwa langu. Lilikuwa langu mara ya tatu pia.

"Sikuomba," nikasema.

"Nilikuombea mimi. Ile Jumatatu, baada ya kumrudisha baba. Nilienda steshenari ya stendi ndogo, nikaweka namba yangu ya simu wewe usijue." Alikuwa anaongea haraka sasa, akitabasamu, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. "Vyeti nilivitoa kwenye bahasha yako. Godoro na tranka niliuza nilipie ada ya maombi. Usinigombeze."

Sikumgombeza. Nilikuwa naangalia zile herufi.

"Mimi naenda Moshi," akasema. "Baba naenda naye. Nitapanga chumba karibu na hospitali, mazoezi atafanyia hukohuko. Nimeshaongea na mama mchungaji, ana ndugu yake huko mwenye nyumba. Kila kitu nimepanga. Wewe ulibaki na mama, ukabaki na baba. Sasa nenda."

"Na udaktari wako?"

"Maabara pia ni hospitali."

"Aikande. Kama ulishaamua Moshi, kwa nini hukuthibitisha tangu Jumanne? Ulikuwa unasubiri nini?"

Akafuta kidevu kwa mkono wa lile gauni.

"Nilikuwa nasubiri ya kwangu ya Dar ije. Nilitaka niikatae mbele yako. Nikienda Moshi kwa sababu nimekosa Dar, wewe utakwenda Dar unafikiri umekaa kwenye kiti changu. Nakujua. Utarudi hata kabla ya Krismasi. Nilitaka uone kwamba nilipata, na nikachagua mwenyewe."

Nilifungua mdomo. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilifungua. Hakikutoka kitu. Kitu kilichokuwa kimelala ndani yangu tangu msiba wa mama kiligeuka upande, na kiliuma sana.

"Sasa kama Nanyori kapata Dar," Aikande akaendelea, akigeukia kompyuta, "mimi na wani yangu nakosaje? Meseji imepotea tu, mtandao wenu huu. Tuingie kwenye akaunti yangu tuangalie. Paswedi iko wapi?"

"Aikande..."

Alishavuta kauntabuku. Akapeleka kidole chini, jina kwa jina, watoto wote wa Kimandolu. Akalikuta lake. Moshi, na paswedi. Dodoma, na paswedi. Mstari wa chini yake ulianza na jina la Nanyori.

"Hukuandika ya Dar," akasema bila shaka yoyote. "Ulichoka siku ile, foleni ilikuwa ndefu. Si kitu, naomba mpya."

Akafungua ukurasa wa chuo cha Dar. Akabonyeza pale palipoandikwa umesahau paswedi. Wakamtaka namba ya kidato cha nne, akaiandika kwa vidole viwili, haraka, akabonyeza.

Maandishi mekundu yakatokea. Hakuna mwombaji mwenye namba hii.

Nje gari la Elifuraha lilisimama. Nikasikia mlango unafungwa.

Aikande aliyasoma yale maandishi, akakunja uso kidogo, akafuta namba yote. Kisha akachukua kivuli cha cheti chake kutoka kwenye bahasha, akanipa mkononi, na vidole vyake akavirudisha juu ya kibodi vikisubiri.

"Nimekosea namba mahali," akasema. "Nisomee wewe, dada. Polepole."

Nikakishika kile cheti kwa mikono miwili. Nikaanza kumsomea, namba moja baada ya nyingine, naye akaandika moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zilezile alizoandika mwanzo.